Isubirini ile "ila"

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu ambao sherehe hii ni yenu: hamjambo?

Mmeitikia "hatujambo", ukumbi mzima, kwa sauti moja. Ahsanteni. Sasa naomba tulitazame jibu hilo kidogo kabla hatujaenda mbele, maana nililoitiwa kusema leo limo humo humo. Hujambo ni "huna jambo". Unamuuliza mwenzako kama ana jambo, naye anakujibu kwamba hana. Basi ukumbi mzima huu umeniambia hauna jambo hata moja. Baba anayedaiwa ada ya mdogo wake mhitimu amesema hana jambo. Mama aliyeamka alfajiri, akamwacha mgonjwa kitandani ili awahi mahafali, naye amesema hana jambo. Siwalaumu. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na mimi naipenda.

Lakini mnajua jinsi tunavyosalimiana tukiwa na jambo kweli. Mtu ametoka kijijini, amekuja kukuletea habari ya msiba. Unamuuliza, "Habari za nyumbani?" Anasema, "Nzuri." "Watoto?" "Wazima." "Na shughuli?" "Tunaendelea, tunashukuru." Kisha anavuta pumzi. "Ila mzee ametutoka jana usiku."

Mtu aliyejifunza lugha yetu ukubwani hushangaa: nzuri gani hiyo, na baba kafariki? Mzawa hashangai. Anajua kwamba "nzuri" ni kubisha hodi. Neno lenyewe linakuja nyuma yake, likishaona kwamba limekaribishwa na limepata pa kukaa. Linakuja kwenye "ila". Nimefundisha miaka ishirini na minne, nimeishi na watu wa mikoa mitano, na maana ya rafiki niliyobaki nayo ni hii moja: rafiki ni yule anayeisubiri ile "ila". Nimekuja kuwaeleza nilivyojifunza hivyo, na nilivyoshindwa hivyo.

Mwaka 2009 nilipata uhamisho kutoka mkoa huu wa Tanga kwenda kijiji kimoja wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Mke wangu alikuwa na kazi yake hapa, watoto walikuwa wameshaanza shule, kwa hiyo nilikwenda peke yangu na begi moja na godoro. Kule ni nchi ya miombo, asali na tumbaku. Msimu wa kukausha tumbaku moshi wa mabani, vile vibanda vya kukaushia, unakaa juu ya kijiji usiku kucha. Watu ni wakarimu, sikupungukiwa kitu. Mwaka wa kwanza nilikuwa sawa. Wa pili nikaanza kupungua, sijui niseme vipi, nikawa napungua ndani. Na sikuona siku ilipoanza. Sonona, ugonjwa huu wa huzuni isiyoondoka, haina siku ya kuzaliwa.

Mwaka 2011 usingizi wangu ulikuwa unakatika saa tisa usiku. Kila siku saa tisa, kama mtu ameniita jina. Baada ya hapo silali tena. Ugali ulikuwa udongo mdomoni. Pale mezani palikuwa na madaftari ya Kidato cha Pili, themanini na manne, yanangoja kusahihishwa. Nilikuwa nafungua la juu kabisa, nasoma sentensi ya kwanza, nafika mwisho wake sijui nimesoma nini, nairudia, nalifunga. Usiku unaofuata, daftari lile lile, sentensi ile ile. Hadi leo ninaikumbuka kwa moyo: "Mito mikubwa ya Tanzania ni mingi." Mwezi mzima sikufika sentensi ya pili ya mtoto yule.

Mchana nilifundisha. Hilo nataka mlisikie vizuri, kwa sababu mtakwenda kufanya kazi na watu wa namna hiyo. Nilisimama mbele ya darasa, nikaandika ubaoni, wanafunzi wakacheka nilipotaka wacheke. Ofisini nikiulizwa habari nilijibu nzuri, na mwenye kuuliza alikuwa ameshapita mlango. Na mimi sikutaka asimame. Nilikuwa naogopa nikianza kusema sitaweza kunyamaza.

Shule ile ilikuwa na mlinzi, mzee wa Kinyamwezi, mwenye koti kubwa la jeshi ambalo lilikuwa na mifuko isiyo na mwisho. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Wazee waliomo humu wanajua maana yake: Wazigua na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya wapagazi waliokuwa wakishuka kutoka bara hadi Pangani na pwani nyingine. Wakapitiana mashamba, wakagombana, wakapatana, wakaachiana utani hadi vitukuu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mzee yule hakuniita mwalimu. Aliniita Mtani, nami nikamwita hivyo hivyo.

Usiku mmoja, kama saa tisa na nusu, nikasikia rungu linagonga mlangoni. Nikafungua. Amesimama na tochi yake, ameielekeza chini ili isinipige machoni.

"Mwangaluka, Mtani," akasema. Ni salamu yao ya asubuhi. "Ninyi Wazigua mnaogopa giza la Unyamwezini? Mbona taa haizimwi?"

Nikamjibu nimeamka kusahihisha.

"Habari za usiku?"

"Nzuri tu, mzee."

Wengine wote, hapo ndipo walipokuwa wakiondoka. Yeye alichukua ndoo yangu tupu iliyokuwa barazani, akaigeuza juu chini, akaikalia pale mlangoni. Rungu akalilaza magotini. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa matobolwa. Ninyi wa huku hamyajui: ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Akanipa kipande, na yeye akachukua chake. Tukatafuna. Matobolwa hayaliwi kwa haraka, taya ndiyo inafanya kazi yote. Hakuuliza kitu cha pili. Hakunitazama hata usoni, alikuwa anaangalia nje, kwenye uwanja wa shule, kama mlinzi anavyotakiwa. Ikapita kama robo saa. Mbwa akabweka mbali huko, akanyamaza.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Ila, mzee, silali."

Akatikisa kichwa. "Najua. Taa yako naiona wiki ya tatu sasa." Akatafuna. "Haya, endelea."

Nikaendelea mpaka kukapambazuka.

Alirudi usiku wa pili, na wa tatu. Hakunipa ushauri. Mara moja tu alisema neno linalofanana na ushauri, nalo lilikuwa, "Leo umekula nini?" Nilipomwambia kwamba jirani amenishauri nimtafute mganga kwa sababu nimerogwa na mtu anayeitaka nafasi yangu, alicheka akasema, "Nafasi gani, ya kulala na popo?" Nilicheka, na nilipocheka nikashtuka, kwa sababu nilikuwa sijaisikia sauti hiyo muda mrefu. Huo ndio utani, wanangu. Waliotuachia utani hawakutuachia mchezo tu. Mmeona misibani: watu wamezimia kwa kilio, chakula hakiliwi, halafu mtani anaingia, anajifunika shuka la marehemu, anadai alipwe deni ambalo halikuwapo, na mjane anacheka machozi yakiwa bado yanashuka. Ndugu hawezi kufanya hivyo. Jirani akifanya atapigwa. Mtani ana ruhusa ya kukufikia mahali ambapo hakuna mwingine anayeruhusiwa kufika, na anaingia bila hodi. Mimi sijaona tiba ya upweke iliyopangwa kwa akili nyingi kuliko hiyo, na inanisikitisha kuona vijana wengi siku hizi hawajui watani wao ni akina nani. Mkitoka hapa waulizeni wazazi wenu.

Wiki ya pili akasema, "Jumatatu twende wilayani." Nikakataa. Nitawaambia kwa nini nilikataa. Tulipokuwa watoto Handeni, tusi la kumaliza ugomvi lilikuwa Lutindi. "Wewe ni wa Lutindi!" Mnaijua Lutindi, iko huko juu Usambara, wilaya ya Korogwe, hospitali ya magonjwa ya akili ambayo wamisionari wa Kijerumani waliianza mwanzoni mwa karne ya 20, na kabla ya hapo mahali pale palikuwa makazi ya watoto waliookolewa utumwani. Watu wa bara wao husema "Milembe", wakimaanisha Mirembe ya Dodoma. Kila upande wa nchi una jina la hospitali ambalo tumeligeuza kuwa tusi. Lutindi wagonjwa wanatibiwa huku wakilima na kufanya kazi za mikono, wengi wanarudi makwao. Ni mahali pa rehema, toka watoto wale wa kwanza. Sisi tukapafanya jina la kuchekea, na mimi mwenyewe nililitumia. Kisha siku yangu ilipofika, tusi lile likanizuia mlangoni.

Mtani aliazima baiskeli. Akaniambia, "Wewe panda nyuma, ukiulizwa sema mimi ndiye mgonjwa." Tukaenda.

Tabibu alikuwa kijana, labda umri wa baadhi yenu. Aliniuliza usingizi ukoje, chakula, kazi, hali hii ina muda gani, na je, vitu vilivyokuwa vinanipendeza bado vinanipendeza? Nikamjibu yote. Halafu akaweka kalamu chini, akauliza kwa sauti ile ile: je, kuna wakati unafikiria kufa, au kujiua? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilitazama sakafu, ilikuwa imepakwa rangi nyekundu na mahali fulani imebanduka. Nikasema ndiyo. Ile ilikuwa "ila" yangu ya pili, na nadhani nisingeitoa kama ya kwanza isingetolewa pale kwenye ndoo. Watu wanafikiri ukimuuliza mtu swali hilo utamtia wazo. Mimi niliyeulizwa nawaambia niliona kama mtu amenipokea mzigo kichwani.

Nilianza dawa. Wiki mbili za mwanzo sikuona kitu, nikataka kuziacha, Mtani akanikatalia. Mwezi wa pili nikalala mpaka saa kumi na moja. Sikupona kwa siku moja kama kwenye hadithi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimesharudi huku, nilisoma habari za Harare, nikamkumbuka Mtani kila mstari. Kuna daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe anaitwa Dixon Chibanda. Nchi yake ina mamilioni ya watu, na mabingwa kama yeye walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2005 mgonjwa wake mmoja, binti wa miaka ya ishirini na kitu, alijiua. Daktari alipomuuliza mama mtu kwa nini hawakumleta hospitali, jibu lilikuwa kwamba hawakuwa na nauli ya basi. Neno hilo lilimkaa. Mwaka uliofuata, pale Mbare, kitongoji cha Harare, akaanza na bibi kumi na wanne. Hawa hawakuwa wauguzi. Walikuwa bibi wa mtaani tu, waliokuwa wakijitolea katika shughuli za afya, na vyumba ndani ya kliniki havikuwapo. Basi wakawekewa benchi la mbao nje, chini ya mti. Mgonjwa anakuja, anakaa na bibi, wanaongea.

Mwanzoni daktari alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Watu hawakuja. Bibi wakamwambia, jina hilo nani atalikalia? Wakalipa jina la Kishona, chigaro chekupanamazano, kiti cha kupeana mashauri. Na hawakutumia neno la kitabibu la sonona. Walisema kufungisisa. Kwa Kishona kufunga ni kufikiri, na kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi, kufikiri hadi mawazo yakuzunguke. Ninasimama kidogo hapa kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili na siwezi kulipita neno hili: kwao kufunga ni kufikiri, kwetu kufunga ni kukaza mlango, na mimi niliyepitia hali hiyo nakiri kwamba maneno yote mawili yanasema kweli. Hatua ya kwanza ya bibi wale wanaiita kuvhura pfungwa, yaani kuyafungua mawazo.

Mwaka 2016 matokeo yao yalichapishwa katika jarida kubwa la kitabibu la Marekani, JAMA. Walifuatiliwa watu 573 wa kliniki za Harare, kundi moja likipata benchi, jingine likipata huduma ya kawaida ya kliniki na maelekezo. Baada ya miezi sita, katika kundi la huduma ya kawaida, kama watu 50 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Katika kundi la benchi, kama 14. Bibi na benchi la mbao! Mabenchi hayo sasa yamefika Malawi, na hata Zanzibar, ambako baraza za mawe zilikuwapo nje ya kila nyumba tangu mababu, watu wakikaa alasiri kunywa kahawa na kuulizana hali.

Msinielewe vibaya, bibi hawa walifundishwa, walisimamiwa, na mgonjwa aliyezidiwa walimpeleka kwa daktari. Mtani hakufundishwa na mtu, lakini naye alijua mwisho wa uwezo wake uko wapi, ndiyo maana aliazima baiskeli.

Nimeambiwa pia niseme kuhusu furaha, na sitakaa sana hapo. Umoja wa Mataifa umeitengea furaha siku yake, tarehe 20 Machi, na kila mwaka hutolewa ripoti ya furaha ya dunia. Mtu huulizwa ajione kwenye ngazi yenye vipandio kumi, aseme yuko kipandio cha ngapi. Sisi Watanzania mwaka 2017 tulikuwa wa 153 katika nchi 155, na watu wengi walikasirika, wakasema mbona sisi ni watu wa kucheka? Mimi sikukasirika. Kucheka nilikuwa nacheka hata mwaka 2011, darasani. Lililonivutia katika ripoti hiyo ni swali jingine wanalouliza: ukipatwa na shida, je, unao ndugu au marafiki wa kuwategemea? Kumbe akufaaye kwa dhiki amefika hadi kwenye hesabu za wachumi. Na kule Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikifuatilia maisha ya wanaume 724 tangu mwaka 1938, 268 wakiwa wanafunzi wake, waliobaki wakiwa vijana wa mitaa maskini ya Boston, na baada ya zaidi ya miaka themanini ya kupima damu na kuuliza maswali wanasema walioridhika na mahusiano yao walipokuwa na miaka hamsini ndio waliokuwa na afya njema walipofika themanini. Mwenye ndoo na matobolwa angewaokolea muda.

Nataka nirudi kwenye daftari. Nilipoanza kupata nafuu, nilinunua kaunta buku dukani, nikaanza kuandika usiku yale niliyokuwa namwambia Mtani, kwa zile siku ambazo zamu haikuwa yake. Sikujua kwamba kuna mtu aliyekwisha kulipima jambo hilo. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwaomba wanafunzi waandike robo saa kila siku kwa siku nne, baadhi kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote, wengine kuhusu vitu vya kawaida. Walioandika maumivu yao walitoka na huzuni zaidi siku ile ile. Ila miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka kwamba hata mimi kurasa za mwanzo ziliniumiza, nikakaribia kulichoma lile daftari. Mtani hakujua kusoma. Alikuwa akifika ananiambia, "Soma," nami namsomea, na mahali nilipoandika uongo ili nionekane mzuri alikuwa anajua. Anasema, "Hapo umeruka." Wahariri wengi nimewaona, sijaona wa kumfikia.

Kwa hiyo mkipangiwa vituo vya mbali, na mtapangiwa, nunueni daftari moja lisilo la maandalio ya somo. Andikeni kwa kalamu ya wino, bila kufuta. Liwe na mwandiko mbaya, hakuna wa kulikagua.

Sasa sehemu niliyokuwa naiogopa tangu asubuhi. Nina ruhusa ya mwenyewe kuisema.

Nina swahiba tuliyesoma naye chuo cha ualimu, kitanda kimoja cha dabodeka, yeye juu mimi chini. Mwaka 2018 tulikutana stendi ya Kange. Mimi nilikuwa nawahi basi la Handeni, kuna mtoto alikuwa mgonjwa nyumbani, si mgonjwa sana, homa tu. Tulikuwa hatujaonana karibu mwaka. Tukashikana mikono. "Habari za siku nyingi?" "Nzuri." "Familia?" "Hawajambo." "Kazi?" "Tunaenda nayo. Ila bwana..." Kondakta akapiga ubavu wa gari, Handeni, Handeni, tunaondoka. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Nikamwambia, "Tutapigiana."

Sikumpigia. Mimi, niliyeokolewa na mtu aliyegeuza ndoo.

Mwezi na nusu baadaye nikasikia ameacha kwenda kazini. Kisha nikasikia ameondolewa, utoro. Nilipomtafuta nilimkuta Muheza, kwa mama yake, amejifungia chumba cha uani, ndevu zimemjaa, na bibi wa watu anapitisha chakula dirishani. Nilikaa pale siku tatu. Siku ya tatu alifungua mlango, akanitazama, akasema, "Siku ile Kange nilikuwa nimeshafika kwenye ila."

Alitibiwa. Leo ana shamba la machungwa Muheza, na kila msimu ananiletea gunia ninaloshindwa kulimaliza. Ualimu hakurudi tena. Alikuwa mwalimu bora wa hesabu kuliko yeyote niliyemjua, na kuna watoto wengi wa mkoa huu ambao wangemwelewa yeye na hawatamsikia kamwe. Huwa nawafikiria hao.

Kwa hiyo nawaomba. Mtu akikufikia kwenye "ila", mguu wako utoe kwenye ngazi. Usimwambie "kaza moyo", moyo wake umekazwa mpaka umekatika. Usimwambie kuna wenye shida kumzidi, anawajua, na kila usiku anajilaumu kwa ajili yao. "Mungu atajalia" ni neno jema, mimi ni mtu wa kusali, ila likitamkwa haraka linakuwa njia ya kuondoka. Lisubirishe. Muulize amekula nini. Kama hali ya kukosa usingizi, kukosa hamu na kukosa nguvu imepita wiki mbili, nenda naye hospitali, uende naye, usimwelekeze tu. Kama anazungumzia kufa, usimwache peke yake usiku ule, lala hapo hapo, hata kwenye mkeka.

Na wanaume waliomo humu, wahitimu na wazazi: sisi tuna marafiki wa mpira, wa bodaboda, wa siasa, wa kijiweni. Tunajuana tunashabikia nani na tunadaiwa na nani. Moyo wa mwenzako ni msitu wa giza, walisema wahenga, na sisi tumelichukua hilo kama kisingizio cha kutoingia.

Neno moja kuhusu sheria, kwa kuwa mgeni rasmi yuko hapa na huenda akalifikisha mahali. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu yao iliamua kwamba kinapingana na katiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Siku ile tabibu aliponiuliza lile swali, kama ningejua kwamba "ndiyo" yangu inakaribiana na kesi, ningemjibu nzuri tu. Mheshimiwa, naomba ulibebe hilo.

Mtani alifariki mwaka 2016. Nilisafiri hadi Sikonge kwa mazishi, na kama Mzigua nilifanya wajibu wangu. Nilivaa koti lake lile, nikakaa juu ya ndoo mlangoni kwa marehemu, nikakataa kuondoka mpaka watoto wake wanipe matobolwa yangu niliyokuwa namdai tangu 2011. Walicheka mpaka wakashikana. Mfukoni mwa koti mlikuwa na kipande kimoja. Ninacho nyumbani, kimekuwa jiwe.

Wahitimu, hongereni. Wenzangu wa kamati wameniambia kuna chai na mihogo nje, na nimeona mabenchi chini ya ule mwembe wa karibu na jiko. Nitakuwa nimekaa pale. Basi la mwisho la Handeni linaondoka jioni hii, ila mimi nimekata tiketi ya kesho.